Kufunga Iko Ngapi?

Gentille na Innocent, Jumapili iliyopita mlipokea ufunguo wa kanisa kutoka mkononi mwangu, mkaniomba niwaandikie mambo ya kazi. Nilicheka, maana mambo ya kazi mnayajua. Ninyi mmesoma shule ya makatekista miaka miwili, na mimi nilisoma wiki tatu tu, moja kati ya hizo nikiwa nimelala na malaria. Lakini mke wangu Jeanne amechoka kuniona nikizunguka parseli, uani kwetu, kila asubuhi kama mtu anayetafuta mlango wa kufungua. Ndiye aliyenipa daftari hili na bik, akaniambia nikae chini. Basi nimekaa.

Sitaandika juu ya vyeo, kwa kuwa katekista ana cheo kimoja tu, anaanza nacho na kuondoka nacho. Mshahara nao tuuache upumzike kwa amani. Nitaandika juu ya Kwaresima na Pasaka, kwa sababu ndizo siku ambazo kazi yetu hujulikana kama ni ya kweli au ni ya mdomo tu.

Mimi nilianza kazi kwenye Jumatano ya Majivu. Aliyenifundisha ni Muzee Petro, katekista aliyenitangulia, mtu mrefu, mwenye koti moja la kijivu na maneno machache. Siku mbili kabla aliniambia nitengeneze majivu, kisha akaenda Irumu kwenye maziko ya ndugu yake. Sikumuuliza majivu yanatengenezwaje. Nilikuwa kijana, na kijana huona aibu kuuliza jambo ambalo anadhani kila mtu analijua. Nilichota majivu ya jikoni kwa Jeanne, nikayachunga kwa chekecheo lake la unga, jambo ambalo hajalisahau mpaka leo, kisha nikayakoroga na maji yakawa kama uji ili yashike vizuri.

Padri aliwapaka watu wote. Kabla ya misa kwisha, kanisa zima lilikuwa linajikuna. Majivu yakikutana na maji yanauma ngozi, na kila mama aliyewahi kuchemsha majivu kwa ajili ya chumvi ya kienyeji anajua hivyo, ila mimi sikuwa mama na sikuwa nimeuliza mama yeyote. Mfanyabiashara mmoja alibaki na msalaba mwekundu kwenye paji la uso mpaka Jumapili, akawa anawaambia watu sokoni kwamba yeye peke yake ndiye aliyetubu kweli. Muzee Petro aliporudi hakunikemea. Aliniuliza tu, "Uliuliza nani?" Nikamjibu kwamba sikuuliza mtu. Akasema, "Basi hapo ndipo uliharibu. Majivu ni matokeo tu."

Kwa hiyo andikeni hili. Majivu hutoka kwenye matawi yaliyobarikiwa mwaka uliopita. Yachomwe yakiwa makavu, kwenye sufuria ya zamani, yachungwe kwa kitambaa, yapakwe makavu. Msiyatie maji hata padri mgeni akiwaomba.

Matawi yenyewe kuyapata ni kazi nyingine. Watu wetu hawapendi kuyarudisha. Kila nyumba hutundika tawi lake juu ya mlango, na mwaka mzima linalinda nyumba dhidi ya radi, wezi na wageni wenye ulimi mrefu. Ukitangaza kanisani walilete, watakuitikia "Amina" na hawataleta. Lazima uende mlango kwa mlango, wiki mbili kabla ya Kwaresima, na kwenye kila mlango utapewa jibu lilelile: "Katekista, hii yangu ingali inafanya kazi."

Mwanzoni nilimwambia Muzee Petro kwamba tunapoteza wakati, kwa kuwa mitende haijakwisha Ituri, tungeweza kukata matawi mapya na kuyakausha. Akasema nisichukulie matawi kuwa ndiyo kazi. Matawi ni sababu ya kubisha hodi. Ukiingia kwa kila mtu utaona nani anapika na nani hapiki, nani amehama chumba, majirani gani wameziba njia iliyokuwa kati ya parseli zao. Ukifika Jumatano ya Majivu unajua Kwaresima ya mwaka huu inamhusu nani. Nilitembea hivyo miaka yote niliyofanya kazi, na soli za viatu nilizozimaliza anayezijua ni fundi wa pale barabarani.

Vyombo vya kazi mmekwisha kuvipokea. Jante, ringi ya gurudumu la lori, iliyotundikwa kwenye mti ndiyo kengele yetu. Igongeni pembeni, katikati ina ufa. Kile kibao cha mti wa muvula chenye nyundo ya kamba ni cha siku tatu tu, kuanzia Alhamisi Kuu jioni mpaka Mkesha wa Pasaka, wakati kengele imenyamaza. Sauti yake ni mbaya, na ndivyo inavyotakiwa kuwa. Mkesha wenyewe, kama mnavyojua, siku hizi tunaufanya saa kumi ya mchana, juu ya usalama, ili watu wafike kwao kabla ya giza. Tunawasha moto mpya juani na kuimba kwamba mwanga umeshinda giza, huku kila mtu amekunja uso kwa sababu ya jua. Mungu anaelewa, Yeye ndiye anayeijua Bunia kuliko wote.

Sasa nije kwa Mama Vumilia. Ninyi mnamjua kama mama mwenye sauti kubwa anayeongoza nyimbo za shirika, ile jumuiya ndogo ya waamini wa mtaa wetu. Mimi nilimjua alipokuwa mkatekumeni, mtu mzima anayejifunza ili abatizwe Pasaka. Alikuwa ametoka upande wa Aru, ambako watu wanaongea Lingala, akaolewa hapa Bunia, akafiwa na bwana yake. Vumilia ni binti yake wa kwanza, na wako wengine wawili. Alikuwa anauza samaki wa chumvi wa ziwani, na Kiswahili chake alikuwa amekiokota sokoni, neno kwa neno, pamoja na mizani.

Mwaka ule, kwenye somo la mwisho kabla ya Kwaresima, niliwaambia wakatekumeni kwa sauti ya mtu anayejipenda, "Kuanzia Jumatano, siye wote tunafunga, mpaka Pasaka." Sikueleza zaidi. Kufunga ni kufunga, nilidhani.

Wiki ya pili ya Kwaresima Jeanne alirudi sokoni bila samaki, akasema meza ya Mama Vumilia imefunikwa na kufungwa kamba siku nyingi, na majirani zake wanadhani ni mgonjwa. Nikaenda kwake. Nilimkuta amekaa mlangoni, mzima kabisa, mikono mitupu. Nikamuuliza kwa nini hauzi.

"Katekista, weye ulisema siye wote tufunge mpaka Pasaka," alisema. "Nimefunga. Batoto banalia, lakini nimefunga."

Nilicheka mpaka Vumilia, aliyekuwa na miaka kama kumi, akaniletea maji ya kunywa. Kisha nikaona sufuria jikoni, muhogo mtupu umechemshwa, hauna mboga wala samaki, na watoto wawili wadogo wameketi kando yake kama walinzi. Kicheko kikanikauka. Kwa wiki mbili nyumba ile ilikuwa imelala njaa kwa sababu ya neno langu moja, na mama huyu alikuwa amelitii kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha.

Nilimwomba msamaha, nikamweleza kwamba kufunga kwa Kanisa ni kujinyima wewe mwenyewe, ili mwingine apate. Soko alifungue leo hii. Alinisikiliza huku amekunja uso. Mwisho akauliza, "Basi kufunga iko ngapi?"

Nikaanza kumhesabia kwa vidole. Kuna kufunga mlango. Kuna kufunga mzigo kwa kamba. Kuna kufunga chakula, ndiko kwa Kwaresima. Akanimalizia kidole cha nne yeye mwenyewe.

"Na kufunga mutu. Ile ninaijua. Faustin, mudogo wa bwana yangu, nilimufunga."

Akaonyesha juu. Ndipo nikainua macho nikaona kwamba nyumba haina mabati. Juu ya fito ilikuwa imetandazwa bashi ya plastiki, imeshikwa na mawe, na katikati imelegea kama tumbo. Nilikuwa nimepita hapo kuomba tawi wiki chache tu kabla yake, nikaongelea mlangoni na kwenda zangu. Muzee Petro angaliniuliza kwa nini sikuingia.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Baada ya maziko ya bwana yake, Faustin alikuja akiwa na vijana wawili, akabandua mabati yote mchana kweupe. Alisema yalinunuliwa kwa ng'ombe wa familia, kwa hiyo ni ya damu yao, na mjane wa kutoka Aru siyo damu. Alikuwa anajenga nyumba yake mwenyewe huko Mbunya, anataka kuoa. Ilikuwa wakati wa mvua. Mama Vumilia alimshitaki, Faustin akakamatwa, akapelekwa gerezani kungoja kusikilizwa. Mabati yakabaki juu ya nyumba isiyokwisha kule Mbunya, na mama na wanawe wakabaki chini ya bashi. Miezi ilipita hivyo. Ndugu za Faustin walimchukia mama, na mama hakurudi tena kwenye ofisi ya mashitaka. Kwake neno, yaani ugomvi wao, lilikuwa limefungwa.

Mnajua desturi yetu ya Jumapili ya tatu ya Kwaresima. Majina ya wakatekumeni yanasomwa mbele ya watu wote, na shirika lao linaulizwa kama kuna mwenye neno nao. Niliposoma jina la Mama Vumilia, bibi mmoja wa shirika lake akasimama, akasema kwa upole kwamba huyu mama ana mtu wa nyumba yake gerezani, na yeye ndiye aliyempeleka. Kanisa likanung'unika. Padri akanitazama. Na mimi, mtu wa kanuni, nikachukua bik nikapiga mstari juu ya jina lake, pale pale, watu wakiniona. Nilimwambia baada ya misa kwamba akimsamehe Faustin nitaliandika tena. Alifunga kitenge chake kiunoni, akaondoka.

Ulimi hauna mfupa, wazee husema, na bik haina pia. Jioni ile ile Muzee Petro alikuja kwangu akitembelea fimbo, kwa maana alikuwa amekwisha kustaafu na miguu ilikuwa imemchoka. Jeanne akampa chai. Akainywa yote, akaweka kikombe chini.

"Jina ya Mama Vumilia umeifuta?" akauliza.

Nikamwambia nimefuta, kwa kuwa kanuni ni yake mwenyewe, ndiye aliyenifundisha kwamba mtu mwenye neno na mwenzake habatizwi.

"Kanuni nilikuachia," akasema. "Nilikuachia na njia ya kwenda kwake. Ile njia uliiweka wapi? Yeye ndiye mvua inamunyeshea. Weye unamwambia asamehe, kisha unarudia kulala chini ya mabati yako."

Akaondoka na fimbo yake. Sikulala vizuri, na kila nilipogeuka nilikuwa naona mabati yangu. Niwaambieni wazi, niliona aibu kubwa, na aibu ile imenifundisha kuliko zile wiki tatu za shule.

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Vumilia na daftari la majina. Nilimwonyesha kwamba nimemwandika tena, kwa krayoni, yaani penseli, na kwamba sikuja kumwambia asamehe. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: neno hili likitaka kwisha, litaishaje? Nadhani hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hivyo, si ndugu za bwana yake, si ofisi, si mimi.

"Mabati irudie juu," alisema. "Na yeye mwenyewe apandishe."

Hakuomba zaidi ya hayo. Kama hayo yakitendeka, Faustin atatoka na yeye atabatizwa. Yasipotendeka, mmoja atabaki gerezani na mwingine nje ya mlango wa kanisa, na watoto katikati yao chini ya bashi. Pasaka ilikuwa karibu, na mvua za mwezi wa nne zilikuwa zinakuja nayo.

Akina mama wa shirika, mnawajua, kila Alhamisi ya Kwaresima wanapeleka chakula kwa wafungwa. Kile walichojinyima nyumbani ndicho kinachopikwa. Alhamisi iliyofuata Mama Vumilia alitokea na sufuria yake ya fufu na samaki wa chumvi, akajiunga nao bila kuulizwa. Nilikwenda nao kubeba maji. Faustin alipoitwa alikuja akiwa amekonda, suruali imefungwa kwa kipande cha kamba. Alipomwona shemeji yake alitaka kurudi ndani. Mama Vumilia akamjazia sahani, akaisukuma mbele yake.

"Kula kwanza," alisema. "Neno yetu haikimbii."

Akala. Hawakuongea kitu kingine siku ile, na mimi nilijizuia kwa nguvu nisitie mahubiri. Kwa katekista hiyo ni mfungo mkubwa kuliko wa nyama.

Alhamisi ya pili ikawa hivyo hivyo, sahani na kimya. Wakati tunaondoka mvua ikaanza, ya kwanza iliyo nzito mwaka ule. Faustin akasimama mlangoni akiangalia maji yanavyotiririka uani. Akamuuliza shemeji yake watoto wanalala wapi kama mvua inanyesha hivi. Mama Vumilia akamjibu bila hasira kwamba wanalala chini ya meza. Meza ile ilikuwa ya marehemu kaka yake Faustin, na Faustin mwenyewe alimsaidia kuipiga randa. Aliinamisha kichwa. Kisha akasema jambo kwa sauti ndogo hata nikamwomba alirudie. Alisema mabati atayarudisha yeye mwenyewe, kwa mikono yake, hata kama ndugu zake watamcheka.

Jumapili ya Matawi tuliwapelekea wafungwa matawi yao, na Faustin alipata lake. Jumatatu nilimsindikiza Mama Vumilia mpaka ofisi ya mashitaka. Karani alimwandikia karatasi ya kwamba wamepatana, naye mama akaweka kidole. Tuliambiwa tungoje, mkubwa atatazama faili. Jumanne tukangoja. Jumatano tukangoja. Alhamisi Kuu, mchana, Faustin akatoka, ameshika tawi lake mkononi, majani yake yamekauka, na kamba ile ile kiunoni. Nilikuwa naenda kunyamazisha kengele, na nilichelewa kwa furaha.

Sasa sikilizeni kosa langu la pili, maana nilikuwa nimebakiwa na kanuni moja.

Mtaani kwetu, Ijumaa Kuu, hakuna mtu anayegusa msumari. Mafundi wanaacha kazi, hata mwenye kiatu kilichobanduka hukiacha hivyo hivyo, kwa sababu siku hiyo misumari ina kazi yake moja. Muzee Petro aliisimamia desturi hiyo kama askari, nami baada yake. Ijumaa ile tulikuwa tunafanya Njia ya Msalaba kupitia mtaani, mimi mbele na kibao changu, padri na watu nyuma. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa milima. Tulipokaribia kwa Mama Vumilia tukasikia nyundo. Ningependa kuwaambia kwamba ilikuwa kituo cha kumi na moja, pale Yesu anapopigiliwa misumari, ingekuwa mahubiri mazuri sana. Ilikuwa kituo cha sita.

Watu wakasimama. Faustin alikuwa juu ya nyumba, amekaa kwenye fito. Alikuwa amebandua mabati yake kule Mbunya tangu alfajiri, akayabeba kwa tshukudu, kigari cha mbao cha kusukuma, ya jirani, na sasa alikuwa anayapigilia moja baada ya lingine, huku akiziba matundu ya zamani kwa plastiki iliyoyeyushwa. Nusu ya nyumba ilikuwa imefunikwa. Watu walianza kunung'unika, mmoja akasema kwa nguvu kwamba huyu ametoka jela jana na leo hii anamsulubisha Bwana. Nikamshikisha mtu kile kibao cha muvula, nikaingia uani, nikamwambia Faustin ashuke, aendelee Jumatatu.

Yeye akapigilia msumari mwingine. Aliyenijibu ni Mama Vumilia, amesimama chini na kopo la misumari.

"Katekista, angalia mawingu. Weye ulinifundisha hakuna Pasaka kama neno haijaisha. Neno yangu itaisha na hii misumari."

Nilimtafuta Muzee Petro kwa macho, nikitumaini atanisaidia. Alikuwa amekwisha kuingia uani na fimbo yake. Alimtazama Faustin, akatazama watoto watatu waliokuwa wameshika ngazi, akaangalia mbingu. Nilikuwa najua hakuna mtu Bunia anayeipenda desturi ile kuliko yeye. Akachukua kopo mkononi mwa Mama Vumilia, akalitia mkononi mwangu.

"Mupatie misumari," akasema.

Nikapanda ngazi. Msomaji wa Njia ya Msalaba aliendelea kusoma nje, watu wakaitikia, nami nilikuwa nusu juu ya ngazi, katekista wa parokia, Ijumaa Kuu, nampa mtu msumari baada ya msumari. Mara ya kwanza mkono ulikuwa mzito. Kufika bati la nne nilikuwa namwambia asiupige msumari mshazari. Faustin alikuwa hajala tangu jana, alisema amefunga. Sikumuuliza kufunga gani.

Jumamosi, saa kumi, tuliwasha moto mpya. Kulikuwa na jua kidogo katikati ya mawingu, na mshumaa wa Pasaka haukuonekana kama umewaka au hapana, kama kawaida yake. Wakatekumeni walikuwa wamevaa nyeupe. Mama Vumilia alikuwa wa saba kwenye mstari, amechagua jina la Paskalina, na jina lile katika daftari nilikuwa nimelipitia juu ya krayoni kwa bik. Faustin alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, pamoja na watoto.

Padri alikuwa anammwagia maji mtu wa tano mvua ilipoanguka. Mnajua mvua za kwetu za mwezi wa nne. Iligonga mabati ya kanisa hata padri akawa anasogeza midomo tu, hakuna anayesikia. Ubatizo uliendelea kwa ishara. Na akina mama wote, kila mmoja na nyumba yake kichwani, wakainua macho kuangalia juu, wengine wakageuka kutazama nje, wakifikiria ndoo, madirisha, unga ulioanikwa. Mimi mwenyewe niliwaza juu ya choo chetu.

Mama Vumilia naye akabatizwa katika kelele ile. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni, ameketi kwenye benchi la mbele, mikono juu ya magoti. Hakutazama juu wala hakutazama nje. Mvua ilinyesha muda wote uliobaki, na yeye alikuwa ametulia tu.

Nililia, niwaambie kweli. Kwa bahati nzuri mvua ilikuwa inafanya kelele.

Faustin alimaliza nyumba yake kwa nyasi mwaka ule, akaoa hivyo hivyo, na mke wake hakulalamika, au kama alilalamika sikuambiwa. Muzee Petro alitutoka mwaka uliofuata, baada ya Pasaka. Desturi ya Ijumaa Kuu mtaani ingali ipo, nami ninaipenda na ninyi mtaisimamia. Ila kabla ya kumkemea mtu mwenye nyundo, kwanza angalieni anapigilia nini.

Kitu cha mwisho, halafu nimrudishie Jeanne meza yake. Wiki mbili kabla ya Kwaresima mtaanza kuzunguka kuomba matawi. Msitangaze kanisani, nendeni wenyewe. Mkifika kwa Mama Vumilia, mtaona juu ya mlango wake tawi la zamani, limekauka hata halina rangi, limeshikwa na msumari wa bati uliopigwa mshazari kidogo. Ni lile Faustin alilotoka nalo gerezani. Alilipigilia pale alipomaliza bati la mwisho. Kila mwaka nimeliomba, kwa kuwa ndiyo kazi yangu kuomba, na kila mwaka mama amenijibu kwamba lingali linafanya kazi.

Bisheni hodi, ingieni, kaeni, kuleni samaki. Chukueni tawi la mwaka jana, atawapa. Lile la juu ya mlango mliache.